Juu ya Desturi ya Kuhadithiana Vitabu

Katika Migato, kata ya wilaya ya Itilima iliyo katika mkoa wa Simiyu, wako watu wachache wapendao vitabu, nao wakikutana hawaachani bila kuulizana. Kwanza huamkiana kwa Kisukuma, kama iwapasavyo watu wa nchi hii, wakapeana habari za mvua, za pamba na za ng'ombe, kisha mmoja husema, "Na sasa wasoma nini?" Swali hilo halijibiwi kwa jina la kitabu peke yake. Aulizwaye hutafuta pa kukaa, akaweka fimbo yake chini, akaanza kuhadithia tangu mwanzo mpaka mahali alipofika. Ikiwa hajafika mwisho husema waziwazi, "Hapa ndipo nilipokunja ukurasa," na wenziwe huridhika kungoja, kwa maana hawana la kufanya.

Twapenda kuichunguza desturi hii, wala si kwa kuisifu tu. Tumekaa nayo miaka kadhaa, tumehadithiwa na kuhadithia, na katika muda huo tumefikia kuona kwamba yaweza kukihuisha kitabu, na yaweza pia kukiua; na mara nyingi aliyekiua hakujua kwamba ameua.

Asili yake si vigumu kuiona. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, ndio moto wa jioni uliowashwa nje ya nyumba, ambapo wanaume na vijana walikaa kupeana habari za mchana, kufundishana nasaba na miko, na kutegeana vitendawili. Mtegaji husema "Kalagu!" nao humwitikia "Kize!" Huko ndiko vijana waliposikia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu pamoja na mifugo yao, na habari za Masala Kulangwa, yule kijana aliyeliua akawatoa waliomezwa. Hadithi ya shikome haina mwenyewe. Kila aisimuliaye ana ruhusa ya kuifupisha akishikwa na usingizi, na kuirefusha akipata wasikilizaji wema. Wala hapana awezaye kumshitaki kwamba ameacha neno, maana neno lenyewe halikuandikwa popote.

Kisomo kilipokuja kiliikuta desturi hiyo imekwisha kaa. Kati ya 1968 na 1972, kwa msaada wa UNESCO, ulifanywa mpango mkubwa wa kuwafundisha watu wazima kusoma katika mikoa minne ya ziwani, na mmoja wao ulikuwa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa chini yake mpaka mkoa wa Simiyu ulipoundwa 2012. Vitabu vya mpango ule vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza herufi katika habari za pamba, mwenye migomba katika habari za migomba, mvuvi katika nyavu zake, mfugaji katika ng'ombe wake. Baadaye, tangu 1974, likatolewa Mwanza gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho, ili waliojifunza wasije wakasahau. Mzee aliyejua kusoma kwa njia ya pamba hakuachwa na mazoea yale. Tunaye mmoja katika baraza letu ambaye, kila atajiwapo kitabu kipya, huuliza kwanza, "Chafundisha kazi gani?" Tulikuwa tukimcheka kimoyomoyo. Tutaona hapa mbele kwamba mwenye kustahili kuchekwa hakuwa yeye.

Basi desturi ya vitabu ilizaliwa na wazazi wawili, shikome na uhaba. Nakala moja huzunguka nyumba nyingi, ikirudi haina jalada, na asiye na zamu hupata hadithi badala ya kitabu. Tukisema kwamba watu hawa hawasomi kwa kuwa hawana vitabu, twawadhulumu. Walakini tukisema kwamba wameyasoma yote waliyohadithiwa, twajidanganya sisi wenyewe.

Maana vitabu havifanani, wala havivumilii kuhadithiwa kwa namna moja. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, ambamo Bwana Msa wa Unguja hufumbua fumbo la mauaji kwa kuvuta kiko chake na kufikiri. Kijana mmoja karani wa mnada, mwema sana ila hana kifua cha kuweka siri, alimtaja mwuaji kabla hajamaliza kumtaja marehemu. Watatu waliokuwa wakingoja zamu yao wakakiacha kitabu kile, wasikitake tena. Tangu siku hiyo imekuwa sheria isiyoandikwa kwamba mwenye kuhadithia kitabu cha upelelezi hukoma maiti inapoonekana. Sheria njema, nasi twaikubali, ingawa hupendeza watu kuliko inavyopendeza kitabu. Kwa kuwa mtungaji yule hafai kwa fumbo lake tu, bali kwa mazungumzo ya watu wake na kwa Kiswahili chao cha mjini, na hayo hayaharibiki kwa kumjua mwuaji. Lakini nani atakayekubali?

Kitabu cha Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilipatwa na mabaya zaidi. Mtungaji ni mtu wa Ukerewe, na hadithi yake ni ya huko: binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akafikia uhuru wa shuleni bila kufundishwa namna ya kuutumia, akapotea. Zamani kiliondolewa mashuleni kwa muda, watu wakiogopa kwamba kitaharibu vijana. Sisi tumehadithiwa kitabu hiki na watu wanne mbalimbali, na kila mara kilitoka kinywani mwao kimekuwa mahubiri kwa wasichana. Rosa alibaki, na makosa yake yote yakahesabiwa moja moja. Lakini Zakaria, baba yake, aliyeupanda msiba ule kwa fimbo yake na chupa yake, alipotea njiani kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Tulipowauliza, wote walikiri kwamba yumo kitabuni. Hawakumficha kwa makusudi. Walisema yale waliyozoea kuyasema kwa binti zao, na kitabu kikafuata mazoea ya mdomo. Kuhusu Nagona cha mtungaji huyo huyo, kilichotoka 1990, hatuna haja ya maneno mengi: aliyejaribu kukihadithia alinyamaza katikati, akasema, "Kakisomeni." Pengine yeye ndiye aliyesema kweli kuliko wote.

Lakini kitabu kilichotufundisha zaidi ni cha mzee mwingine wa Ukerewe, Aniceti Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alizaliwa 1896, akasoma kwa Wamisionari wa Afrika, kisha katika seminari ya Rubya, akajua Kilatini na Kijerumani pamoja na lugha nyingine. Alikitunga kitabu hiki kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, apate kuwahifadhia wajukuu wa nchi yake namna wazee wao walivyokaa kabla ya kuja Wazungu. Padre Simard, Mkanada, aliyekuwa akimtia moyo, alikifasiri kwa Kifaransa, lakini tafsiri hiyo haikupigwa chapa. Ndipo Kitereza mwenyewe akakitia katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kumalizika. Mtungaji alifariki 1981, kabla ya kukishika mkononi kitabu chake kilichopigwa chapa. Tangu hapo kimefasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye ni Mkerewe.

Nakala iliyotufikia Migato ililetwa na mwalimu mmoja aliyerudi kutoka upande wa ziwa. Njia si ya karibu: Bunda, Kisorya, kivuko mpaka Rugezi, na kurudi. Alikisoma kwa muda wa mwezi, na jioni moja akaulizwa swali letu la siku zote. Akahadithia hivi: palikuwa na mtu na mkewe, hawakupata mtoto, ndugu za mume wakamtukana mke, wazazi wake waliposikia wakamchukua kwao, mume akaenda kumwomba, akadaiwa pombe ya ndizi, akaileta, akarudishiwa mkewe, mganga akawapa dawa, wakapata mtoto wa kiume, na baadaye wa kike. Muda wake haukupita muda wa kula sahani ya michembe iliyokuwa mbele yetu. Mwalimu hakusema uongo hata mahali pamoja.

Wasikilizaji wakahukumu. Kijana wa mnada akasema kwamba Myombekere alikuwa mtu mpumbavu, maana pombe ile na safari zile zingetosha kuoa mke wa pili, na ng'ombe wakabaki. Wengine wakacheka, wengine wakaona ana haki. Mzee wetu wa pamba akauliza, "Chafundisha kazi gani?" na mwalimu akajibu kwamba si kitabu cha kazi, ni hadithi tu. Ndivyo kitabu cha mamia ya kurasa, kilichongoja miaka thelathini na mitano, kilivyotaka kuzikwa Migato kwa nusu saa.

Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa mama mmoja ambaye watu humwita mpaka leo kwa jina lake la usichana. Msomaji wetu ajuaye desturi za nchi hizi ataelewa, nasi hatusemi zaidi. Alikuwa kimya wakati wa kicheko. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na huyo Bugonoka, mumewe alipomfikia kule kwao, walisemezana nini?"

Mwalimu hakukumbuka. Alikumbuka kwamba walisemezana, lakini maneno yenyewe hakuyakumbuka. Ikabidi aingie ndani kukileta kitabu, akakaa karibu na taa, akaanza kusoma kwa sauti. Hatukuondoka mapema usiku ule.

Na sasa twataka kusema yale tuliyoyaona, kwa kuwa hapa ndipo penye shauri letu. Matukio ya kitabu hiki ni machache, na mwalimu alikuwa ameyataja yote. Lakini Kitereza hakukaa miaka na kalamu ili ataje matukio. Mtu akija nyumbani kwa mtu, kitabu humpokea kwa maamkio yote, ya mkubwa kwa mdogo na ya mdogo kwa mkubwa, hakiruki hata moja. Akiketi, twajua ameketi upande gani. Akiletewa chakula, twajua nani amekileta, na nani ameona haya kula mbele ya nani. Mkwe akiwa na jambo zito, halisemi siku ile afikapo. Huzungukazunguka, huzungumza habari nyingine, na neno lenyewe hulala usiku kucha kifuani. Yote haya mhadithiaji huyatupa, kwa kuwa shikome imemfundisha kuyatupa: wasikilizaji wake wayajua, maana wamekaa hivyo tangu utoto. Walakini katika kitabu hiki hayo ndiyo hadithi. Ukiyaondoa maamkio, aibu na kungoja, Myombekere hubaki mtu aliyetozwa pombe kwa sababu ya mwanamke asiyezaa, na hukumu ya kijana wa mnada huwa ya haki. Ukiyarudisha, waona mtu aliyechagua kufedheheka mbele ya ukoo wake na mbele ya wakwe zake, tena kwa utaratibu wote wa adabu, hatua kwa hatua, kwa kuwa hakutaka nyumba yake ikae bila mwanamke yule mmoja. Kijana mwenyewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba alikosea; aliuliza tu kama kesho yake kutasomwa tena, nasi twaona hilo latosha.

Kuna jambo ambalo mwalimu hakulijua alipohadithia, nasi tulilijua baadaye. Kitereza na mkewe, Anna Katura, walifiwa na watoto wao katika uchanga, hawakubaki na mtoto, wala hawakuachana. Hatupendi desturi ya kukisoma kila kitabu kama barua ya siri ya mtungaji wake, na mara nyingi tumewakataza vijana wetu kufanya hivyo. Lakini msomaji akiisha kulijua jambo hili, hawezi tena kuona kwamba zile kurasa za kungoja ni ndefu bure.

Habari ya pombe ilikuwa ya ajabu zaidi. Migato haina migomba ya kuhesabika. Nchi yetu ni ya mtama, ya mahindi na viazi, na jua lake si la ndizi. Tulidhani kwamba kurasa za utengenezaji wa pombe zitawachosha watu, na mwalimu alitaka kuziruka. Mzee wetu akamzuia. Alitaka kusikia ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, na kwa kila hatua aliuliza swali. Alipojua kwamba pombe ya ndizi ya nchi za ziwani hutiwa mtama ili iumuke, alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Kumbe nao hawawezi bila mtama wetu!" Kisha akamgeukia mwalimu: "Mwanangu, uliniambia kitabu hiki hakifundishi kazi." Mwalimu hakuwa na jibu, wala sisi. Mzee ndiye aliyekisoma kitabu kama mtungaji alivyotaka kisomwe, maana Kitereza aliona kwamba kujua jinsi pombe ya kuombea mke itengenezwavyo ni sehemu ya kujua uzito wa kumwomba mke.

Hatusemi kwamba kitabu hiki hakina kasoro. Mtungaji husimamisha hadithi mara nyingi ili aeleze mila, kana kwamba mgeni ameingia chumbani na lazima apewe kiti. Na mara nyingine mgeni huyo hukaa mno. Kiswahili chake si cha pwani, na msomaji wa Unguja au Mombasa atajikwaa hapa na pale katika sentensi zilizofikiriwa kwa Kikerewe. Sisi wa bara hatujikwai sana, pengine kwa sababu nasi twafikiri kwa namna hiyo hiyo. Lakini haki yataka tulitaje. Tena, katika kusoma kwa sauti, kasoro ya kwanza hupungua sana, maana wasikilizaji hutumia mafasiri yale kubishana: kwetu siyo, kwetu ndiyo, kwa Wataturu ni vingine. Asomaye peke yake chumbani hana wa kubishana naye, hivyo huona uzito tu.

Watu wawili wametupinga. Wa kwanza husema kwamba kusoma kwa sauti ni kazi ya kitoto, tena huchukua siku nyingi, na wakati wa palizi hapana mwenye siku. Hili ni kweli, nasi hatuna dawa ya palizi. Wa pili ni mzee mwenye heshima aliyetuambia kwamba tukiifunga midomo ya wahadithiaji kwa karatasi tutaiua shikome yenyewe, ambayo tayari imekwisha dhoofika, na kijana ajuaye kusoma lakini asiyejua kuhadithia ni nusu ya mtu. Pingamizi hili limetusumbua zaidi. Hatutaki kumfunga mtu mdomo. Shing'weng'we na Masala Kulangwa ni mali ya shikome, na waendelee kuhadithiwa kila mtu kwa kinywa chake. Bali kitabu kilichoandikwa kina mwenyewe, na aliyekichukua mkononi amekabidhiwa maneno ya mtu mwingine, kama mchungaji aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani: aweza kuwasifu na kuwasimulia, lakini jioni lazima warudi wote. Kwa hiyo tulipatana katika baraza letu jambo moja dogo. Aulizwaye "wasoma nini?" aje na kitabu chenyewe, ahadithie apendavyo mpaka mahali alipofika, kisha afungue na kusoma ukurasa mmoja au miwili, ambao ameuchagua mwenyewe kwa sababu hakuweza kuuhadithia.

Katika kuchagua ukurasa huo tumejifunza kuwajua watu. Kijana wa mnada alituletea ukurasa wa Mzimu wa Watu wa Kale usio na maiti wala mwuaji, ila mazungumzo matupu, tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mwalimu alimrudia Rosa Mistika, akatusomea Zakaria.

Nakala ya Kitereza haiko kwa mwalimu tena. Iko kwa yule mama aliyeuliza swali, naye amekishonea jalada la kitambaa cha gunia la pamba. Hukisoma polepole, jioni, baada ya kazi, na wanawake wawili watatu wa jirani wameanza kwenda kukaa naye. Juzi tulikutana naye njiani kutoka mnadani, tukamwuliza yuko wapi sasa. Akatuambia amefika kwa mganga Kibuguma, na kwamba hatahadithia, wala kitabu hakitatoka kwake mpaka pamba iishe kuuzwa.